Namna ya Kuchora Bahari Iliyochafuka kwa Njia ya Wachoraji wa Ulimbwende

Mchoraji anayetaka kuonyesha nguvu ya bahari mara nyingi huanza kwa kuchora wimbi kubwa; akiona halitishi hulikuza, kisha hulipaka povu jeupe hadi nusu ya kanvasi inakuwa nyeupe, na bado picha inakosa uzito. Kasoro haiko kwenye ukubwa wa wimbi. Nguvu, iwe ya upepo au ya maji, haina umbo ambalo jicho linaweza kulishika, na kinachoonekana ni kile inachokitenda kwa kitu kingine: mlingoti unaolala, tanga lililochanika, mtu aliyekumbatia kipande cha ubao, nuru inayopenya ukuta wa maji muda mfupi kabla haujaporomoka. Wachoraji wa Ulaya wa mwisho wa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, wale wa harakati ya sanaa iitwayo ulimbwende (kwa Kiingereza Romanticism), walilielewa jambo hili kuliko waliowatangulia na, kwa maoni yangu, kuliko wengi waliowafuata. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchora dhoruba ya baharini kwa rangi za mafuta kwa kujifunza kutoka kwao, na unamlenga mtu ambaye tayari anajua kushika brashi na kuchanganya rangi, lakini bahari yake hutoka bapa hata anapokusudia tufani.

Amua kwanza mtazamaji anasimama wapi

Mwaka 1757 mwanafalsafa Edmund Burke, mzaliwa wa Dublin, alichapisha kitabu kuhusu chanzo cha fikra zetu za utukufu na uzuri, akaeleza ndani yake kwamba kitisho kinaweza kutupa furaha ya aina yake ikiwa hatari yenyewe iko mbali nasi kidogo. Kwa mwanafalsafa hilo ni suala la nafsi. Kwa mchoraji ni suala la mahali pa kusimama, nalo huamuliwa kabla brashi haijagusa rangi.

Caspar David Friedrich, aliyezaliwa Greifswald kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki, alimweka mtazamaji nchi kavu. Katika picha yake ya mtawa kando ya bahari, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1810, kuna mtu mmoja mdogo kwenye ukanda wa mchanga, mbele yake maji meusi membamba, na juu yake anga lililochukua sehemu kubwa mno ya kanvasi. Hakuna wimbi la kutisha wala chombo kinachozama. Uchunguzi wa picha hiyo kwa miale ya infraredi umeonyesha kwamba hapo awali vilikuwamo vyombo vya baharini, na Friedrich akavifuta. Alipovifuta, jicho lilikosa pa kutulia, na ukosefu huo ndio unaotuelemea tunapoitazama.

J. M. W. Turner alikwenda upande wa pili kabisa. Katika picha yake ya mwaka 1842, inayoonyesha meli ya mvuke katika tufani ya theluji nje ya mlango wa bandari, mtazamaji hana pa kukanyaga: upeo umeinama, maji na moshi na theluji vinazunguka pamoja, na chombo kimenaswa katikati ya mzunguko huo. Inasimuliwa kwamba Turner alifungwa mlingotini kwa saa nne ili aishuhudie tufani hiyo. Watafiti wengi wanaitilia shaka habari hiyo, na kisa kinachofanana nacho kilikwisha kusimuliwa kuhusu Mfaransa Claude-Joseph Vernet aliyemtangulia. Lakini anayeitazama picha anaelewa kwa nini watu waliiamini, kwa kuwa kila mstari ndani yake umechorwa kwa jicho la mtu aliye ndani ya chombo.

Kati ya hao wawili yupo Ivan Aivazovsky, Mwarmenia aliyezaliwa Feodosia katika Krimea mwaka 1817. Katika "Wimbi la Tisa" la mwaka 1850, kanvasi yenye upana wa zaidi ya mita 3 iliyopo Sankt Peterburg, jicho letu liko juu kidogo ya maji, karibu na manusura walioshikilia kipande cha mlingoti, lakini halijalowa.

Chagua mojawapo ya nafasi hizi tatu na uiandike nyuma ya kanvasi kwa sentensi moja, ukitaja jicho liko mita ngapi juu ya maji. Hili si zoezi la bure. Kanuni ya kuona kwa umbali inasema kwamba mstari wa upeo wa macho huwa sawa na kimo cha jicho. Kwa hiyo wimbi ambalo kilele chake kinavuka mstari huo liko juu kuliko jicho la mtazamaji, na wimbi lililo chini ya mstari liko chini yake, hata likichorwa kubwa namna gani. Mchoraji anayelikuza wimbi bila kulivusha kwenye upeo anamwonyesha mtazamaji wimbi linalotazamwa kutoka juu ya jabali. Anayetaka litishe analishusha jicho, analiacha wimbi moja tu likate upeo, na mengine yote anayaweka chini ya mstari.

Vifaa

Kanvasi ya kati, yenye upana wa sentimita 80 hadi 100, inatosha. Rangi zisizidi saba: nyeupe ya titani, buluu ya ultramarini, buluu ya Prussia, kijani cha viridiani, manjano ya udongo, hudhurungi ya udongo uliochomwa, na nyekundu iliyokolea kwa kiasi kidogo. Nyeusi iachwe, kwa kuwa weusi unaotokana na buluu ya Prussia na hudhurungi una uhai zaidi. Tafuta brashi pana mbili, brashi ndogo moja yenye ncha, kisu cha kuchanganyia rangi, mafuta ya kitani na tapentaini. Fanya kazi penye hewa ya kutosha, na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike, kwani vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze vikauke au uvitie majini. Anayetumia akriliki anaweza kufuata hatua zote hizi, mradi akumbuke kwamba rangi hiyo hukauka upesi na kwamba kulainisha kingo za mawingu kutamdai haraka zaidi.

Itazame bahari, kisha iache

Aivazovsky, ambaye inakadiriwa alichora picha zipatazo 6,000, hakuchorea dhoruba zake ufukoni. Alichukua michoro midogo ya penseli nje, kisha akachora kutoka kumbukumbu ndani ya chumba cha kazi, akiamini kwamba mwendo wa wimbi au mmweko wa radi hauwezi kukamatwa na brashi mbele yake. Nakubaliana naye kabisa. Wimbi halimngoji mchoraji, na anayejaribu kulifuata kwa brashi huishia kuchora vipande vya mawimbi matano tofauti vilivyounganishwa katika moja lisilowezekana.

Kwa hiyo, unapokwenda kutazama, tazama jambo moja kwa wakati. Siku moja angalia vilele tu, namna vinavyokonda kabla ya kuanguka. Siku nyingine angalia mabonde kati ya mawimbi, au njia ya povu baada ya wimbi kupita. Fumba macho, kumbuka, chora mistari michache, fumbua, linganisha. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki aelewe kwamba ufuko uliokingwa na mwamba wa matumbawe haumwonyeshi wimbi la kweli. Wimbi huvunjika kule nje kwenye mwamba, na linalofika mchangani ni mabaki. Katika miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, ni vyema kutafuta rasi iliyo wazi au mahali mwamba ulipokatika.

Anayeishi mbali na bahari asijione amenyimwa njia. Friedrich hakuwahi kufika kwenye bahari za kaskazini ya mbali zenye barafu. Kabla ya kuchora "Bahari ya Barafu" ya mwaka 1823 hadi 1824, alichora vipande vya barafu vilivyokuwa vikisukumana katika mto Elbe, majira ya baridi ya mwaka 1820 na 1821. Ziwa kubwa lenye upepo mkali litakufundisha mengi kuhusu vilele na povu, ingawa mawimbi yake huwa mafupi na yaliyobanana zaidi kuliko ya bahari kuu.

Upepo mmoja, nuru moja

Chora mshale mmoja pembeni mwa karatasi kuonyesha upepo unatoka wapi, na mwingine kuonyesha nuru inatoka wapi. Mishale hii miwili itatawala kila kitu. Mawingu yaburutwe na upepo uleule unaopeperusha vilele vya mawimbi, bendera ielekee kulekule, na chombo kilalie upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea. Picha nyingi za dhoruba zinaharibika hapa, kwa sababu mchoraji ameazima anga kutoka picha moja na bahari kutoka nyingine, na mtazamaji, hata asipoweza kueleza kasoro iko wapi, anahisi kwamba hakuna kinachosukumwa na kitu kingine.

Kuhusu ukali wa upepo, tumia kipimo cha Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekianzisha mwaka 1805, Turner akiwa kijana wa miaka 30. Katika daraja la 3 na la 4 vilele huanza kuvunjika na vipande vya povu huonekana huku na huku. Katika daraja la 7 povu huanza kuburutwa kwa mistari mirefu kufuata upepo. Katika daraja la 10 vilele vinaning'inia na uso mzima wa bahari unaelekea weupe. Chagua daraja moja ulishike. Mimi hupendekeza la 8 kwa anayejifunza, kwa kuwa bado kuna maji meusi ya kutosha kati ya mistari ya povu, na weusi huo ndio unaobeba uzito.

Mchoro mdogo wa giza na mwanga

Kabla ya kanvasi, tengeneza michoro midogo isiyozidi kiganja kwa penseli laini au makaa, ukitumia viwango vinne tu: giza zito, giza la kati, mwanga hafifu na mweupe. Usichore wimbi, usichore chombo, panga madoa. Doa la mwanga liwe moja kubwa, na giza lilizunguke bila kulibana. Tengeneza kadhaa, uzibandike ukutani, uzitazame kutoka upande wa pili wa chumba. Ile inayoeleweka ukiwa mbali ndiyo ya kuifuata, hata kama nyingine ina mambo ya kuvutia zaidi ukiwa karibu.

Angalia "Wavuvi Baharini" ya Turner, picha ya kwanza ya mafuta aliyoionyesha katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London, mwaka 1796. Ina mianga miwili: mwezi baridi uliopenya mawingu, na taa ndogo ya rangi ya joto ndani ya mashua. Mwezi unamulika bahari yote na hauna habari na watu. Taa inamulika nyuso chache tu na karibu izimwe. Tofauti ya joto na baridi kati ya mianga hiyo inaeleza hatari ya wavuvi kuliko wimbi lolote lililomo katika picha. Ukitumia nuru ya pili, ifanye ndogo namna hiyo, na iwe ya binadamu.

Anga

Paka anga kwanza, kwa sababu bahari haina rangi yake mwenyewe ya kudumu. Huazima nyingi kutoka juu. Changanya ultramarini, hudhurungi na nyeupe kupata kijivu cha mawingu, na ukiongeze nyekundu kidogo upande wa giza. Tumia rangi nyembamba iliyochanganywa na tapentaini, na brashi pana zaidi uliyonayo. Kingo za mawingu zilizo karibu na nuru ziwe kali; nyingine zote ziyeyuke. Mahali ambapo mvua inaanguka, vuta rangi ya wingu kuelekea chini kwa brashi kavu hadi ivuke upeo, ili sehemu fulani ya mstari wa upeo ipotee. Upeo uliochorwa kwa mstari mmoja mkali kutoka ukingo hadi ukingo huituliza bahari papo hapo.

Wimbi

Hapa panadai subira, na panadai kuelewa maji yanakwenda wapi. Wimbi la bahari kuu halisafirishi maji umbali mrefu; linasafirisha nguvu. Kumbi la nazi linaloelea hupanda na kushuka, likienda mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo, kwa sababu maji huzunguka takriban katika duara wakati wimbi linapita. Linapofika penye kina kifupi, sehemu yake ya chini hucheleweshwa, urefu wake wa wima huongezeka, na kilele huizidi kasi sehemu iliyo chini yake hadi kinaanguka mbele. Kwa kawaida hilo hutokea kina kinapokuwa takriban mara 1.3 ya urefu huo wa wima. Katikati ya bahari mambo ni tofauti: wimbi huvunjika linapozidi mwinuko, yaani urefu wake wa wima unapokaribia sehemu moja ya saba ya umbali kati ya kilele na kilele, na mara nyingi povu humwagika kutoka juu na kuteremka usoni bila kujikunja.

Mchoraji afaidike na maarifa hayo kwa namna iliyo wazi. Kama picha yako iko karibu na miamba au ufuko, wimbi lililojikunja lina haki ya kuwapo. Kama iko bahari kuu, chora migongo mirefu inayofuatana kama safu za vilima, yenye vilele vinavyomwagika, na uache kujikunja. Ukichanganya hayo mawili, bahari inapoteza kina.

Kumbuka pia uzito. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina zaidi ya kilo 1,000, na wimbi lenye urefu wa wima maradufu hubeba nguvu mara nne. Uzito huo unaonyeshwa chini ya wimbi, wala si kileleni. Tandaza tumbo la wimbi kwa rangi nzito na nyeusi ya buluu ya Prussia, hudhurungi na viridiani kidogo, bila kuweka mambo mengi ndani yake. Brashi ifuate maji yanavyovutwa: kutoka bondeni, yakipanda kwa mkunjo kwenye uso wa wimbi hadi kileleni. Brashi ikikatisha mkondo huo kwa mistari ya mlalo, wimbi hugeuka ukuta uliopakwa chokaa.

Uso wa wimbi ulioinuka kukuelekea huonyesha rangi ya ndani ya maji, kwa hiyo huwa na kiza na ukijani. Sehemu zilizolala huakisi anga, kwa hiyo huwa za kijivu na nyepesi zaidi. Ukizingatia tofauti hii pekee, bahari yako itaanza kuwa na vilima na mabonde kabla hujagusa nyeupe.

Kisha ije nuru inayopenya. Aivazovsky aliweka jua nyuma ya wimbi, au pembeni na nyuma, mahali ambapo sehemu ya juu ya wimbi ni nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Maji hunyonya wekundu wa mwanga kwanza, na kinachobaki kufika machoni petu ni kijani na buluu. Acha tabaka la kwanza la eneo hilo likauke likiwa jepesi na la joto, mchanganyiko wa nyeupe na manjano ya udongo. Halafu lifunike kwa tabaka jembamba la viridiani lililochanganywa na mafuta ya kitani, jembamba kiasi kwamba rangi ya chini inaonekana. Rudia likikauka. Kijani kilichopatikana kwa tabaka hizo hung'aa kutoka ndani, jambo ambalo kijani kilichochanganywa na nyeupe na kupakwa mara moja hakiwezi kulifanya. Eneo hili liwe dogo na liwe moja. Kila wimbi likipitisha mwanga, hakuna hata moja litakaloonekana zito.

Povu

Kuna povu jipya, lile nene linaloporomoka kutoka kileleni, na kuna povu kuukuu, linalobaki juu ya maji katika wavu wa mistari na matundu. La pili ndilo lenye manufaa zaidi, kwa sababu wavu huo hunyooka na kupanda kwenye uso wa wimbi, na hubanana na kuwa bapa kadiri unavyokwenda mbali. Jicho hulifuata na kuelewa umbo la maji bila kuelezwa. Chora matundu yake, yaani maji meusi yanayoonekana katikati, badala ya kuchora mistari meupe.

Povu lililo kivulini si jeupe. Ni kijivu cha buluu, na mara nyingi huwa na giza kuliko sehemu angavu ya anga. Wachoraji wanaoanza hukataa kuamini hivyo hadi washike kipande cha karatasi nyeupe mbele ya macho kando ya bahari, wakione kivuli kikikigeuza. Nyeupe safi, iliyopakwa nene kwa kisu, ihifadhiwe hadi mwisho kwa sehemu moja isiyozidi ukubwa wa kidole gumba, pale nuru inapogusa kilele kikuu. Mistari ya povu linaloburutwa na upepo iwe miembamba na ifuate mshale wako wa kwanza.

Chombo na watu

Waswahili husema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na hakuna kanuni ya ukubwa inayomfaa mchoraji kuliko hiyo: bahari hupimwa kwa aliyemo. Chombo kichorwe kidogo kuliko unavyotamani. Kisichorwe kizima, wimbi likikate sehemu ya ubavu, au tezi, yaani sehemu ya nyuma, hata kionekane kimezama bondeni na kitapanda tena, au hakitapanda. Kilalie upande upepo unakosukuma. Matanga yapunguzwe, kwa kuwa nahodha mwenye akili hafungui tanga lote katika upepo wa daraja la 8. Kipimo cha Beaufort chenyewe kilianza kwa kuangalia matanga ambayo meli ya kivita ingeweza kuyabeba. Kama ni jahazi, foromali, yaani boriti inayobeba tanga, iteremshwe au tanga liwe limekunjwa, na kamba zilizo upande wa joshi, yaani upande upepo unakotoka, zikazwe huku za upande wa pili zikilegea.

Kwa upande wa watu, mwalimu mkuu ni Théodore Géricault. Tarehe 2 Julai 1816 meli ya Ufaransa iitwayo Méduse ilikwama kwenye fungu la Arguin, nje ya pwani ya Mauritania. Watu wapatao 147 waliwekwa kwenye chelezo ambacho baadaye kiliachwa bila kuvutwa, na siku 13 baadaye, chombo kiitwacho Argus kilipowakuta, walikuwa hai 15 tu. Géricault aliwahoji manusura, akatengenezewa mfano wa chelezo, akaichunguza bahari huko Le Havre, na mwaka 1819 akaonyesha kanvasi yenye upana wa zaidi ya mita 7, ambayo sasa iko Louvre. Mtu akiipima picha hiyo ataona kwamba bahari yenyewe imepewa nafasi ndogo. Nguvu yake iko kwenye miili: mzee aliyekata tamaa akishikilia maiti, mikono inayoinuka kulia, na juu ya wote mtu mweusi anayepunga kitambaa, aliyechorwa kwa mfano wa Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo. Argus ni kitone tu kwenye upeo. Tanga la chelezo limejaa upepo unaowasukuma upande mwingine, mbali na wokovu wao, na hapo ndipo mshale wa upepo uliouchora pembeni unapata maana yake kamili, kwa sababu upepo umekuwa hukumu.

Weka basi watu wachache, na uwape kazi: mmoja anashika usukani, mmoja anachota maji, mmoja anatazama wimbi. Mtu asiye na kazi ndani ya dhoruba ni pambo. Migongo na mabega hueleza zaidi kuliko nyuso, hasa kwa ukubwa huu mdogo.

Na lazima ujiulize ni nini kilichowaleta watu hao baharini. Picha ya Turner ya mwaka 1840, iliyopo Boston, inaonyesha meli ya watumwa ikiondoka chini ya anga la damu, na mbele yake mikono na mguu wenye minyororo vikizama kati ya mawimbi. Inahusishwa na mauaji ya meli ya Zong ya mwaka 1781, ambapo mateka zaidi ya 130 wa Kiafrika walitupwa majini na wenye meli wakadai fidia ya bima. Bahari katika picha hiyo ni kali, lakini ukatili ni wa watu. Kwa sisi tunaoishi kando ya bahari ambayo nayo ilipitishiwa watumwa, picha hiyo ina mafunzo ya ziada: dhoruba inaweza kubeba jambo lililotendwa na binadamu, na mchoraji ana wajibu wa kuliweka mbele, kwenye maji yaliyo karibu na mtazamaji, mahali ambapo jicho haliwezi kulikwepa baada ya kuliona.

Tabaka za mwisho

Fuata kanuni ya rangi nyembamba chini na yenye mafuta zaidi juu, ili tabaka za juu zisipasuke zinapokauka baada ya za chini. Usijaribu kuongeza giza kwa lami, kama walivyofanya baadhi ya wachoraji wa wakati huo. Picha ya Géricault imezidi kuwa nyeusi na kuharibika sehemu fulani kwa sababu hiyo. Giza la ziada litoke kwenye tabaka jembamba la buluu ya Prussia na hudhurungi, likipakwa kwenye kona na chini ya wimbi kuu.

Kazi ikikaribia kuisha, igeuze kanvasi juu chini, au itazame kwenye kioo, na utafute sehemu mbili zinazoshindana kwa mwanga. Zikipatikana, punguza moja kwa kitambaa kikavu. Punguza pia povu. Mara nyingi robo yake inaweza kuondolewa bila picha kupoteza chochote. Kisha iache ikauke mahali penye hewa na mwanga wa wastani. Vanishi isipakwe kabla ya miezi sita, na palipopakwa rangi nene kwa kisu, ni salama zaidi kungoja mwaka mzima.